Fahari Wawili na Saa Moja

Ndugu msomaji, kama u miongoni mwa wale wanaoamini kwamba mashine haisemi uongo, Jumapili hii nakuomba uvute kiti karibu. Ninacho kisa cha nyumba moja ambamo mashine ilitoa ushahidi, ushahidi ukaaminiwa, na binti asiye na kosa akahukumiwa na baba yake mzazi.

Nyumba yenyewe ipo Magomeni, Dar es Salaam, nami ni mgeni wa siku nyingi pale. Mwenye nyumba ni mtunza hesabu wa ghala la nafaka. Mkewe ni mshonaji. Na mama yake mzazi, ajuza aliyekwisha kupita miaka sabini, huishi nao na kulala chumba kimoja na mjukuu wake. Mjukuu huyo yupo mwaka wa pili chuoni, akisomea mambo ya kompyuta. Kwa kuwa fedha za kununua kompyuta mbili hazikupatikana, walinunua moja iliyokwisha kutumika, wakaigawa kama ndugu wagawanavyo shamba la urithi. Upande mmoja uliwekwa mfumo wa Windows kwa ajili ya hesabu za baba na oda za mama. Upande wa pili ukawekwa Linux kwa ajili ya masomo ya binti. Mashine ile ikiwashwa huuliza kwanza: waingia upande upi? Nawe ukichagua mmoja, mwingine hulala.

Asubuhi moja baba alifungua upande wake, akaona katika sehemu wanayotumia pamoja faili la kazi ya binti. Pembeni yake paliandikwa kuwa lilihifadhiwa saa 02:34, yaani saa nane na dakika thelathini na nne usiku. Akatazama mafaili mengine ya majuma mawili yaliyopita: hili saa saba na nusu usiku, lile saa nane, lile saa nane na robo. Mzazi yeyote mwenye binti wa miaka ishirini anajua mawazo yaliyompitia bwana yule. Usiku wa manane mtoto wa kike anafanya nini kwenye kompyuta? Anaongea na nani huko kwenye intaneti?

Binti alipoitwa alijibu kwa heshima, "Baba, sijawahi kupita saa sita usiku. Nikimaliza kazi yangu nalala."

"Basi mashine inakusingizia?" baba aliuliza. "Mashine haisemi uongo."

Bibi naye akaingilia. "Mwanangu, mtoto huyu nalala naye chumba kimoja. Taa huizima kabla ya saa sita, nami usingizi sina, nasikia kila gari lipitalo barabarani."

"Mama, wewe unamtetea mjukuu wako," baba akajibu. Akachomoa waya wa umeme wa kompyuta, akaufungia kabatini.

Siku nne zikapita. Binti alikuwa na kazi ya chuo ya kukabidhi Ijumaa, na kila siku alilazimika kuomba nafasi kwa wenziwe. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi haikuwa hiyo. Hasara ilikuwa kwamba baba na binti waliacha kuongea, na ajuza, ambaye neno lake halikuwahi kukataliwa katika nyumba ile, alikaa kimya barazani kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.

Jumatano jioni nikapita kuwajulia hali. Baba alinieleza yote, akautoa waya kabatini ili anionyeshe ushahidi kwa macho yangu. Kweli, ushahidi ulikuwapo. Nikaitazama saa ya kompyuta upande wa Windows: ilikuwa sawa na saa yangu ya mkononi. Nikamwomba azime, kisha awashe upande wa binti. Saa yangu ilikuwa imefika kumi na moja na dakika tano jioni, jua bado linachoma dirishani. Lakini Linux iliandika 20:05, saa mbili na dakika tano usiku. Ilikuwa imetangulia kwa saa tatu kamili.

Siyo kwamba mimi ni bingwa. Tatizo hilo hilo liliwahi kunitesa, ndiyo maana nililitambua. Nilimwambia, "Ndugu yangu, hebu zipunguze saa tatu kutoka kwenye zile ulizoziona." Alichukua karatasi, kama ilivyo desturi ya mtunza hesabu, akapiga. Saa nane na dakika thelathini na nne ikawa saa tano na dakika thelathini na nne. Saa nane na robo ikawa saa tano na robo. Hakuna hata faili moja lililopita saa sita usiku. Neno la ajuza lilikuwa la kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sasa yafaa tuelewe jambo hili hutokeaje, maana kompyuta za namna hii zimekuwa nyingi majumbani, ofisini na mashuleni.

Ndani ya kila kompyuta ya kawaida kuna saa ndogo inayoendelea kutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Inaongozwa na kijiwe kama kile kilichomo ndani ya saa za mkononi zilizoandikwa Quartz, ambacho hutetemeka mara 32,768 kwa kila sekunde, nayo hupata nguvu kutoka kwenye betri ya duara mfano wa sarafu, mara nyingi ile iitwayo CR2032, ya volti 3. Mfumo wowote unapoamka, jambo mojawapo la mwanzo ni kuiuliza saa hiyo: sasa ni saa ngapi? Saa hutoa tarakimu tu. Haisemi kama tarakimu hizo ni saa za Dar es Salaam au za mji mwingine wowote. Hapo ndipo fahari wawili wanapogombana zizini.

Windows huamini kuwa tarakimu zile ni saa za mahali ilipo kompyuta. Linux huamini kuwa ni saa za Greenwich, na kwamba ni wajibu wake kuongeza au kupunguza kulingana na mahali ilipo. Sisi wa Afrika Mashariki tumetangulia Greenwich kwa saa tatu, kwa hiyo Linux huongeza tatu. Ikiwa tarakimu zilizoandikwa mle zilikuwa tayari ni saa zetu, jumla huwa imezidi. Na ikiwa Linux ndiyo iliyoandika mle saa za Greenwich, Windows ikiamka huzisoma kama zilivyo, ikawa nyuma kwa saa tatu. Saa yenyewe haina kosa. Kosa ni kwamba wapo wasomaji wawili wasiopatana juu ya maana ya kile wanachokisoma.

Sisi Waswahili tusilione jambo hili kuwa geni. Mshale mfupi wa saa ya ukutani ukigusa saba asubuhi, sisi husema ni saa moja. Mgeni kutoka Ulaya akiutazama mshale ule ule husema ni saa saba. Hakuna mwongo kati yetu. Sisi twahesabu tangu kucha, yeye ahesabu tangu usiku wa manane. Lakini mwalike mgeni huyo chakula cha saa saba mchana bila kumweleza, uone kama hatakugongea mlango alfajiri ungali umelala.

Kila upande una historia yake. Kompyuta ya IBM PC ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na saa ya betri. Ilipowashwa, mtumiaji aliulizwa tarehe na saa, naye akazipiga kwa mkono kama alivyoziona ukutani kwake. Mwaka 1984 ikatoka IBM PC AT yenye saa ya betri, na desturi ya kuandika saa ya mahali ikaendelea, hata Windows ikairithi. Unix, iliyoanzia katika maabara za Bell kule Marekani mwaka 1969, ilikulia kwenye mashine kubwa zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Yenyewe huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Linus Torvalds alipoanza kuitengeneza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland, aliufuata mwenendo wa Unix. Na Greenwich yenyewe ilichaguliwa kuwa mwanzo wa kuhesabia katika mkutano wa mataifa 25 uliofanyika Washington mwaka 1884.

Turudi Magomeni. Baba alikiri kwamba kwa miezi kadhaa aliikuta saa ya Windows iko nyuma mara kwa mara. Alidhani betri imekufa, akanunua nyingine, lakini haikusaidia. Basi kila alipoikuta nyuma aliirekebisha kwa mkono, bila kujua kuwa kwa kuirekebisha kwake alikuwa akiiharibu ya binti. Na binti, kila alipopata intaneti, saa ya Linux ilijirekebisha yenyewe, na kwa kujirekebisha ikaiharibu ya baba.

Neno hilo ndilo lililomfanya baba aweke kalamu chini. Linux, kwa kawaida, ikipata intaneti huuliza saa sahihi kutoka nje na kujisawazisha mara moja. Kama binti angelikuwa kwenye intaneti katika nyakati zile, saa ingelikuwa sahihi, na faili lingeliandikwa saa tano na nusu. Saa ilibaki imetangulia kwa sababu intaneti haikuwapo. Ushahidi uliotumika kumhukumu ndio uliomtetea: si tu kwamba hakukesha, bali hata huko alikodhaniwa kuwa anakwenda hakwenda.

Bwana yule aliinuka, akaenda barazani kwa mama yake kabla ya kwenda kwa binti. Waliyozungumza sikuyasikia, wala hayakunihusu.

Ingekuwa kisa kimeishia hapo, ningekwenda moja kwa moja kwenye maelezo. Lakini Jumamosi nikaitwa tena, na safari hii saa zilikuwa zimegeuka: Windows imetangulia, Linux imebaki nyuma. Baba, kwa kutaka kumfurahisha binti, alikuwa ameielekeza Windows isome saa za Greenwich. Binti, kwa kutaka kumfurahisha baba, alikuwa ameielekeza Linux isome saa za mahali. Kila mmoja alifanya kwa siri, kwa nia njema, na ugomvi wa fahari wawili ukabaki pale pale, isipokuwa pembe zimebadilishana. Bibi alicheka hata akajifuta machozi kwa upande wa kanga. "Mnakaribishana mlangoni, 'tangulia wewe, tangulia wewe,' na hakuna anayeingia."

Basi yafuatayo ndiyo ya kufanya, kwa msomaji mwenye mashine ya namna hiyo.

Kwanza, pima kosa. Linganisha saa ya kila upande na saa unayoiamini. Kosa likiwa la saa tatu kamili, na likitokea baada ya kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, ndilo hili. Kwa wasomaji wetu wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi kosa huwa la saa mbili; kwa walio Muscat ni saa nne. Aliyeko London haoni kosa lolote majira ya baridi, bali majira ya joto huona la saa moja. Lakini saa ikirudi nyuma kwa siku au miaka kila mashine inapochomolewa umeme, hiyo ni betri, ibadilishe.

Pili, hakikisha kila mfumo unajua mahali ulipo. Katika Windows, anayeishi Tanzania asiutafute mji wa Dar es Salaam, hatauona. Achague mstari wa saa 3 mbele ulioandikwa Nairobi. Katika Linux, Dar es Salaam ipo kwa jina lake.

Tatu, chagueni njia moja kati ya mbili, na moja tu.

Njia ya kwanza ni kuifanya Linux imfuate mwenzake. Hakikisha kwanza saa ya Linux ni sahihi, kwani ndiyo itakayoandikwa kwenye saa ya mashine. Kisha fungua dirisha la amri, uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

Ukitaka kuirudisha kama ilivyokuwa, andika amri hiyo hiyo, mwishoni ukiweka 0 badala ya 1. Ukiandika neno timedatectl peke yake utaonyeshwa hali ilivyo. Njia hii ni nyepesi, lakini Linux yenyewe itakuonya kwamba haiipendi. Sababu yake ni kwamba ziko nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka kufuata majira, na huko mifumo miwili ikiandika saa za mahali huweza kusogeza mara mbili. Kwetu hatusogezi saa, kwa hiyo hatari hiyo haitukuti tukiwa nyumbani.

Njia ya pili ni kuifanya Windows isome saa za Greenwich. Hii hudai uangalifu, kwa maana inagusa rejista, yaani daftari kuu la mipangilio ya Windows, na kosa dogo humo laweza kuuzuia mfumo usiamke. Weka nakala ya rejista kabla ya kugusa chochote. Kisha fungua programu ya regedit, ufuate njia hii:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation

Hapo unda kipengele kipya cha aina ya DWORD, ukipe jina RealTimeIsUniversal, na thamani yake iwe 1. Zima, washa tena, usahihishe saa mara moja, na baada ya hapo haitayumba. Ukitaka kurudi ulikotoka, kifute kipengele hicho.

Ukiniuliza mimi, nitasema kwamba nyumba isiyo na mtu aliyezoea rejista ifuate njia ya kwanza. Mwenye kompyuta ya kusafiri nayo nchi za mbali afuate ya pili. Kompyuta ya ofisi au ya shule usiiguse bila idhini ya mwenye dhamana nayo.

Pengine wapo watakaosema: intaneti inaporekebisha saa yenyewe, ya nini kuhangaika? Nawajibu kwamba intaneti huponya upande mmoja na kuujeruhi mwingine, kama mlivyoona. Tena wengi wetu hununua intaneti kwa vifurushi, haipo kila saa, na katikati ya kifurushi na kifurushi mashine huendelea kupiga mihuri ya uongo juu ya barua, hesabu na stakabadhi. Mama yule mshonaji huandika saa ya kupokea oda na saa ya kukabidhi nguo. Siku mteja atakapobisha kwamba alikuja kabla ya saa waliyopatana, ni muhuri gani utakaoaminiwa?

Pale Magomeni waliketi wote wanne sebuleni wakaamua. Kwa kuwa baba alikwisha kuibadili Windows salama, binti aliirudisha Linux katika hali yake ya asili kwa ile amri yenye 0. Saa zikasahihishwa, mashine ikazimwa na kuwashwa kwa kila upande, nami nikaitazama saa yangu ya mkononi mara zote: zililingana. Kisha binti akaandika karatasi, akaibandika chini ya kioo cha kompyuta: "Saa ya mashine hii ni ya Greenwich. Usibadilishe kabla ya kuulizana." Bibi aliomba asomewe, akaitikia kwa kichwa.

Hiyo kazi ya chuo? Waya ulitoka kabatini Jumatano jioni, na binti aliikabidhi Ijumaa, siku iliyotakiwa.

Tunaishi katika zama ambazo simu humwambia mzazi mtoto yuko wapi, na kompyuta humwambia alilala saa ngapi. Vyombo hivi ni vyetu, na ni vyema tujifunze kuvitumia na kuvitengeneza wenyewe badala ya kumkimbilia fundi kwa kila jambo. Lakini tarakimu ni kama mshale wa saa ya ukutani, hapana budi ujue inahesabiwa tangu wapi. Kabla ya kumhukumu mtu wa nyumba yako kwa tarakimu, kwanza uliza mashine imesoma saa za wapi. Na kama ndani ya nyumba kuna mzee asiyepata usingizi, msikilize na yeye.